Kupunguza kaboni na bili ya stima nyumbani Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ushauri mwingi kuhusu nishati ya nyumbani umeandikwa kwa watu wanaopambana na baridi. Sisi tunapambana na joto la Kaskazi, unyevu na chumvi ya bahari, kwa hiyo mpangilio wa kazi ni mwingine. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kaboni ya nyumba ya Mombasa inatoka wapi hasa?

Kwa wengi inatoka jikoni, kwenye makaa na kuni. Baada ya hapo kuna jenereta kwa walio nayo, gesi ya kupozea inayovuja kwenye kiyoyozi, na gesi ya kupikia. Stima huja nyuma ya hivyo vyote. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana, upepo wa Turkana na jua, na tangu 2022 tunanunua pia umeme wa maji kutoka Ethiopia.

Katika hesabu za hapa tumechukua gramu 200 za hewa ukaa kwa kila uniti. Tumeiweka juu makusudi, asije mtu akasema tumeipendelea stima. Kilo moja ya makaa ikiungua hutoa karibu kilo 3 za hewa ukaa. Kilo ya gesi ya kupikia hutoa karibu kilo 3 vilevile, ila hupika chakula kingi zaidi. Lita ya petroli ni kilo 2.3, ya mafuta ya taa 2.5, ya dizeli 2.7.

2. Kama stima ni safi hivyo, kwa nini nijisumbue kupunguza uniti?

Kwanza ni pesa. Tangu 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa makundi matatu: chini ya uniti 30 kwa mwezi, 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Kenya Power huangalia wastani wa miezi mitatu, kwa hiyo mwezi mmoja wa kiyoyozi kupita kiasi unaweza kukupandisha kundi, na kushuka kukachukua muda.

Pili ni saa. Kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku nchi nzima huwasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja, na hapo mitambo ya mafuta mazito, ikiwemo ya Kipevu na Rabai hapa kwetu, huwa na kazi zaidi. Uniti ya saa 2 usiku si sawa na uniti ya adhuhuri. Pasi, mashine ya kufulia na pampu ya maji ziwashwe mchana.

3. Nitajuaje ni kifaa gani kinachokula tokeni?

Tazama taa ndogo nyekundu inayomweka kwenye mita. Pembeni kuna andiko kama 1000 imp/kWh, maana yake miweko 1000 ni uniti moja. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja, kisha hesabu sekunde kati ya mweko na mweko. Gawanya 3600 kwa sekunde hizo upate wati. Ukipata sekunde 12, kifaa kinavuta wati 300. Ikiwa mita imeandikwa 3200, gawanya jibu tena kwa 3.2.

Mita ikiendelea kumweka na swichi zote zimezimwa, kuna kitu umekisahau au waya unavuja. Katika nyumba za kupanga, wakati mwingine ni taa ya ngazi au pampu ya jirani iliyofungwa kwenye laini yako. Mwite fundi kabla ya kununua kifaa chochote kipya.

Usidharau vidogo. King'amuzi kinachovuta wati 15 usiku na mchana hula karibu uniti 11 kwa mwezi, zaidi ya theluthi ya uniti 30 za kundi la chini.

## Paa, kuta na hewa

4. Kupaka mabati rangi nyeupe kunasaidia kweli?

Ndiyo, na kwa nyumba ya mabati isiyo na ghorofa juu yake hakuna shilingi inayofanya kazi zaidi ya hii. Mabati yenye kutu au rangi nyeusi hunyonya sehemu kubwa ya jua na hupita nyuzi 60 adhuhuri. Mabati mapya yanayong'aa yanadanganya jicho: huakisi mwanga, lakini joto lililokwisha kuingia huliachilia polepole, ndiyo maana yanaunguza vilevile. Rangi nyeupe ya paa huakisi jua na pia hutoa joto haraka.

Kazi yenyewe huharibikia kwenye maandalizi. Sugua kutu kwa brashi ya waya. Osha paa lote kwa maji baridi na sabuni, tena si maji ya kisima cha chumvi, kwa sababu rangi ikipakwa juu ya chumvi hubambuka kabla ya mwaka. Palipo na kutu paka praima ya kuzuia kutu. Mabati mapya yanataka praima yake maalumu, la sivyo rangi haishiki. Kisha mikono miwili ya rangi ya akriliki ya paa, wa pili baada ya wa kwanza kukauka kabisa. Anza asubuhi umande ukishakauka na uache kabla bati halijawaka, maana rangi juu ya bati la moto hukauka kwa nje na kufanya mapovu. Epuka masika, kuanzia Aprili hadi Juni. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri.

Kama unakinga maji ya mvua, mwaga ya mvua za mwanzo baada ya kupaka. Na paa lioshwe kila mwaka, kwa sababu ukungu na vumbi huirudisha nyeupe kuwa kijivu. Kwa paa kuukuu la vigae vya asbesto, soma kwanza swali la 19.

5. Je, dari na foili?

Dari peke yake husaidia kidogo. Dari yenye foili juu yake na matundu ya hewa kwenye paa husaidia sana, mradi foili iwekwe sawasawa. Uso unaong'aa utazame chini, na uwe na nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2.5. Uso unaong'aa ukigusana na bati au dari, foili hupitisha joto moja kwa moja na haina faida. Uso unaong'aa ukitazama juu, vumbi litaufunika katika miezi michache na kazi yake kuisha.

Weka matundu chini ya paa pande mbili zinazokabiliana, na penye kilele pakiwezekana, ili hewa moto itoke. Ziba kwa wavu wa waya usioshika kutu. Bila wavu utawakaribisha popo, na harufu yao haitoki kwa urahisi.

6. Naishi ghorofa ya juu kabisa chini ya zege. Chumba hakilaliki. Nifanyeje?

Zege hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku, ndiyo maana dari yako bado ina moto saa 6 usiku huku nje kumeshapoa. Kiyoyozi hapo kinapigana na zege lenyewe. Dawa ni kulizuia jua lisifike: rangi nyeupe isiyopitisha maji juu ya zege (ziba nyufa kwanza), au kivuli cha mabati kilichoinuliwa juu ya paa hewa ipite katikati. Paneli za sola zilizoinuliwa hutoa kivuli hichohicho.

Kama mwenye nyumba hataki kusikia, weka feni ya kutoa hewa dirishani kuanzia jua linapozama, na fungua dirisha la upande wa pili hewa iingie.

7. Madirisha yangu ni makubwa lakini hewa haipiti. Kwa nini?

Kuna sababu tatu za kawaida. Madirisha ya alumini ya kuteleza hufunguka nusu tu. Ya bawaba hufunguka yote, na ukijenga upya chagua hayo. Wavu wa mbu ulioziba kwa vumbi hukata upepo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo uoshwe kila mwezi. Na chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakina njia ya upepo kutokea, hata Kusi ivume vipi. Tundu lenye wavu juu ya mlango hulitatua hilo kwa gharama ndogo.

Kuhusu jua, hapa tulipo, nyuzi 4 kusini mwa ikweta, adui ni ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Kivuli kiwe nje ya kioo: pazia la mianzi, kipande cha makuti, au mwarobaini uliopandwa mita chache kutoka ukutani. Pazia la ndani huzuia mwanga baada ya joto kuwa limeshaingia.

8. Nimesoma kwamba nyumba inatakiwa kuzibwa nyufa zote.

Huo ni ushauri wa nchi za baridi. Hapa ziba chumba chenye kiyoyozi tu: yale matundu ya kudumu juu ya madirisha na ufa wa chini ya mlango. Usizibe kamwe chumba chenye jiko la gesi au la makaa. Hewa ya sumu ya makaa (kaboni monoksaidi) huua bila harufu.

## Jikoni

9. Nikiacha makaa, nihamie gesi au stima?

Chukua nyumba inayomaliza gunia la kilo 35 kwa mwezi. Jikoni pekee ni karibu kilo 105 za hewa ukaa. Ongeza tanuri la udongo huko makaa yalikochomwa: kila kilo ya makaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni kavu. Kama miti hiyo haioti tena, hasara ni kubwa kuliko kinachoonekana jikoni.

Kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu, kama maharagwe, mbaazi, pojo, muthokoi, nyama ya mbuzi na supu ya mifupa, presha ya umeme haina mpinzani. Nusu kilo ya maharagwe yaliyolowekwa hula chini ya nusu uniti, sawa na gramu 100 za hewa ukaa. Kwa gesi katika sufuria ya kawaida ni zaidi ya nusu kilo, na kwa makaa huweza kufika kilo 3. Ina wati 1000 tu, hivyo soketi ya kawaida inaibeba, lakini usiichomeke pamoja na birika kwenye waya mmoja wa kuongezea.

Chapati, mahamri na vya kukaanga vibaki kwenye gesi. Kwa hiyo jibu letu ni vyote viwili: presha ya umeme na mtungi mdogo, na mtungi wenyewe utashangaa unavyokaa.

Kama huwezi kuacha makaa sasa hivi, tumia jiko la kauri lisilo na nyufa, lenye mlango wa hewa unaofungika. Punguza hewa chakula kikishachemka. Wengi huliacha wazi mpaka mwisho na kuchoma makaa bure.

10. Nimenunua jiko la induksheni na halipati moto. Ni bovu?

Huenda ni sufuria. Induksheni hutaka chombo kinachoshika sumaku, na sufuria zetu nyingi ni alumini. Jaribu kwa sumaku chini ya sufuria: isiponasa, haipiki. Jiko la kioo la infraredi hupokea sufuria yoyote, ila hupoteza joto kidogo zaidi.

11. Na pilau? Wali wa nazi usiopaliwa makaa si wali.

Palia. Makaa ya kuweka juu ya kifuniko ni viganja vichache, na kaboni ya nyumba haitokani na hapo. Tatizo ni kupika kila kitu kwa makaa kuanzia chai ya asubuhi.

12. Moto wa gesi ni wa manjano na sufuria inapata masizi.

Gesi haichanganyiki vizuri na hewa. Vua kichwa cha jiko, zibua matundu kwa sindano, osha na ukaushe kabisa kabla ya kurudisha. Chumvi ya hewa yetu hula vichwa vya chuma chepesi. Ikiwa moto bado ni wa manjano, badilisha kichwa. Paka povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta kila unapobadilisha mtungi. Povu likivimba, funga na usiwashe.

## Kiyoyozi na friji

13. Feni au kiyoyozi?

Feni kwanza. Feni ya dari ya kawaida hula wati 50 hadi 75, zile mpya zisizo na brashi karibu 30. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula takriban wati 1,000 hadi 1,200 kompresa ikifanya kazi. Vitumie pamoja: kiyoyozi nyuzi 26 na feni taratibu, utalala sawa na aliyeweka 22 huku ukitumia uniti chache kuliko yeye. Feni hupoza mtu, haipozi chumba, kwa hiyo ukitoka izime.

Usinunue kikubwa kupita chumba. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye paa zuri kinatosheka na BTU 9,000. Kikubwa mno hupoza haraka, hujizima kabla ya kukausha unyevu, na unabaki na ubaridi wa majimaji. Chagua cha inveta, yaani ambacho kompresa yake hupunguza kasi badala ya kujizima, uangalie idadi ya nyota kwenye lebo ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati.

14. Fundi huja kila mwaka kunijazia gesi. Ni kawaida?

Hapana. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Imefungwa ndani na huzunguka. Ikipungua, inavuja. Na hili ndilo jambo ambalo wenye nyumba wengi hawajaambiwa: gesi aina ya R410A huipasha dunia moto karibu mara 2,088 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Kiyoyozi kidogo kikipoteza gramu 900 zake zote ni sawa na kilo 1,880 za hewa ukaa. Kiyoyozi hichohicho kikila uniti 160 kwa mwezi, hewa ukaa ya stima yake haifiki kilo 400 kwa mwaka. Uvujaji mmoja unalingana na karibu miaka mitano ya umeme.

Pwani chanzo kikuu ni kutu. Chumvi hula maungio ya mabomba ya shaba na mapezi ya kifaa cha nje. Nunua chenye mapezi yaliyopakwa kinga, kiwekwe kivulini, mbali na upepo wa moja kwa moja wa bahari, na kimwagiwe maji yasiyo na chumvi kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa. Vichujio vya ndani vioshwe kila wiki mbili.

Siku ya kufunga, simama uone mambo mawili. Maungio yapimwe kwa naitrojeni na povu la sabuni. Kisha mabomba yavutwe hewa kwa pampu ya vakyumu, angalau dakika 15 hadi 30. Fundi anayefungua vali kidogo ili gesi isukume hewa nje anamwaga gesi hewani na kuacha unyevu ndani, utakaokula kompresa.

Ukinunua kipya, gesi ya R32 huipasha dunia moto mara 675 kuliko hewa ukaa, na R290 karibu mara 3. Zote zinashika moto kwa viwango tofauti, kwa hiyo zinataka fundi aliyefunzwa. R22 inaondolewa sokoni katika nchi zinazoendelea kufikia 2030. Usikubali kiyoyozi cha mtumba kinachoitumia, na usikubali kamwe fundi ajaze R290 katika mashine iliyotengenezwa kwa R22.

15. Friji yangu haizimi hata usiku. Niibadilishe?

Kabla ya hapo, bana noti mlangoni uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umekwisha, na mpira hubadilishwa kwa bei ndogo kuliko friji. Isogeze sentimita 10 kutoka ukutani, futa vumbi nyuma, iweke nyuzi 4 na friza 18 chini ya sifuri, na usiiweke karibu na jiko. Kama friza ina barafu nene kuliko kidole, yeyusha.

Ikiwa ni ya mtumba na kipimo cha swali la 3 kinaonyesha zaidi ya uniti 2 kwa siku (kwa friji isiyozima, zidisha wati kwa saa 24, gawanya kwa 1000), achana na wazo la kuitengeneza. Friji za sasa zenye gesi ya R600a hula nusu ya hapo au chini.

## Maji na jua

16. Shawa ya umeme ina ubaya gani? Inawaka dakika chache tu.

Ina kilowati 5. Dakika 8 ni uniti 0.67, watu wanne kila siku ni uniti 80 kwa mwezi. Maji ya tangi jeusi juani yana joto la kutosha miezi mingi. Mwezi wa Julai, kipindi cha Kusi, weka swichi kwenye kiwango cha chini. Ukitaka hita ya sola na maji yako ni ya kisima, chagua yenye mzunguko wa ndani uliofungwa, kwa sababu chumvi na chokaa huziba zile za mzunguko wazi.

Pampu nayo iangaliwe. Ikiwaka mara kwa mara bila mtu kufungua bomba, kuna uvujaji chooni au boya la tangi limekwama.

17. Je, nifunge sola?

Ukishamaliza paa na jikoni, ndiyo, na hasa kama una jenereta. Jenereta ndogo ya petroli hutoa zaidi ya kilo moja ya hewa ukaa kwa uniti, zaidi ya mara tano ya stima ya gridi. Kilowati 1 ya paneli hapa hutoa takriban uniti 4 kwa siku. Zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo wa chini ya hapo hauoshwi na mvua, na kunguru wa Mombasa hawana adabu. Vyuma na skrubu viwe alumini au chuma kisichoshika kutu. Usizifunge chini ya mnazi, kwa kivuli na kwa madafu. Fundi awe na leseni ya EPRA.

## Hali za pekee

18. Mimi ni mpangaji. Nifanye nini bila kugusa nyumba?

Presha ya umeme, taa za LED za wati 9, feni nzuri, pazia la nje, mpira wa friji. Vyote utahama navyo. Kuhusu paa, mpelekee mwenye nyumba hoja ya kutu: rangi inamwongezea miaka ya bati, na hiyo ndiyo lugha atakayoielewa.

19. Paa ni la asbesto. Nipake?

Usilisugue, usilitoboe, usilikanyage. Nyuzi zake zikipeperuka huharibu mapafu. Kuliondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Kwa sasa shughulikia dari na foili kutoka chini, bila kuligusa.

20. Nyumba yetu iko Mji wa Kale. Kuna masharti?

Ni eneo la uhifadhi, kwa hiyo kabla ya kutundika kiyoyozi nje, kubadilisha madirisha au paa, pitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Mara nyingi kiyoyozi hutakihitaji. Kuta nene za mawe ya matumbawe huchelewesha joto, na madirisha marefu na uwazi wa ndani vilijengwa kuvuta upepo. Zibua vilivyozibwa. Kuta zipigwe lipu ya chokaa. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, ukuta ukabanduka na chumba kikanuka ukungu.

21. Friji au kiyoyozi cha zamani nikitupe wapi?

Usimpe muuza vyuma chakavu kikiwa na gesi, maana atakata bomba na gesi yote itatoka kwa dakika moja. Mwite fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi aitoe kwenye mtungi kwanza, kisha uza chuma. Na usihamishie friji ya zamani chumba cha pili kwa ajili ya soda: uniti zake zitafuta zile ulizookoa kwa kununua mpya.